Bustani ya Mama Kando ya Njia

Kabla ya nzige, nyumbani kwetu hakuna aliyepanda mchicha. Ulezi tulipanda, mahindi na maharage tulipanda, majani ya maboga tuliyachuma humo humo shambani. Lakini mboga nyingine zote za majani zilikuwa kitu cha kwenda kutafuta, kama kuni na uyoga. Ungemwambia mtu wa kijijini kwetu Ihanda wakati ule kwamba unataka kupanda mgagani, angekuuliza kama nyasi nazo unapanda.

Aliyetupeleka bondeni kuchuma alikuwa bibi, mama yake baba. Baba mwenyewe alikuwa migodini, kwenye shaba, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa ameondoka kwa miguu kupitia Tunduma pamoja na wanaume wengine wa kwetu, na mdogo wangu wa kiume alizaliwa yeye akiwa huko huko. Kwa hiyo tulikuwa bibi, mama, mimi na huyo mtoto wa mgongoni. Bibi alikuwa na kijumba chake hatua chache kutoka kwetu, lakini hakuwa na jiko. Alisema jiko moja linatosha kwa wanawake wanaopatana, na yeye na mama walipatana kweli. Mpaka leo sijaona mkwe na mkwe waliocheka pamoja kama wale.

Mvua zikianza, bibi alinigongea ukuta kwa fimbo asubuhi. "Mjukuu wangu, mgagani umeamka, wewe bado?" Tuliteremka kabla umande haujakauka. Alinionyesha mnavu unaoliwa na ule unaoachwa, akanifundisha kukata ncha tu ili mmea uchipue tena, akanikataza kuchuma karibu na mashimo ya wanyama. Wasichana wa nyumba nyingine walikuwa huko pia na vikapu vyao. Tuliitana kutoka upande huu wa kijito hadi ule, na sauti zikapanda mlimani zikarudi. Nikisema nalikumbuka bonde lile, sina maana kwamba nakumbuka mboga. Nakumbuka miguu yangu ikiwa na baridi na mgongo wa bibi ukiwa mbele yangu.

Nzige walitokea upande wa Rukwa. Tulisikia habari zao kwanza, halafu tukaona kama moshi juu ya milima, halafu moshi ule ukawa na sauti. Walitua kwenye ulezi wetu uliokuwa karibu kukomaa. Tulipiga madebe, tukawasha moto, mama alikimbia huku na huku na shuka lake akiwapiga, na jioni palikuwa na mabua tu. Tuliwakusanya wengine tukawakaanga, kwa kuwa ndicho kilichobaki cha kula. Waliporuka kwenda zao tulidhani yamekwisha. Kumbe walikuwa wametaga, na baadaye ardhi yenyewe ikaanza kutoa tunutu, wale nzige wachanga wasio na mabawa, wakitembea kwa pamoja kama maji.

Hapo ndipo walipokuja watu wa serikali na magunia. Ndani mlikuwa na pumba zilizochanganywa na dawa ya sumu na kitu kitamu chenye harufu ya miwa iliyochacha. Walifunga vitambaa mdomoni, wakazimwaga bondeni alfajiri, mistari mistari, palipokuwa na tunutu wengi. Kabla ya hapo jumbe alipita akitangaza: ng'ombe na mbuzi wasipelekwe bondeni, na mtu yeyote asile nzige waliokufa. Tangazo lilikuwa wazi na watu walilitii. Mbuzi tuliwafunga nyumbani. Kuhusu mboga hakuna aliyesema neno, kwa sababu wakati ule bondeni hapakuwa na jani hata moja. Nani angefikiria kukataza kitu ambacho hakipo?

Tunutu walikufa kwa wingi. Kisha tukakaa muda mrefu tukila kunde kavu tulizokuwa tumezificha ndani ya vibuyu, na ugali wa mahindi ya msaada yenye wadudu. Bibi aliteseka zaidi yetu. Hakuwa mlafi, ila alikuwa mtu wa mboga. Alikaa mlangoni akitazama chini bondeni na kusema, "Ulimi wangu umesahau kijani."

Mvua ilinyesha, bonde likachipua. Lilichipua kwanza pale pale walipokufa tunutu, nadhani kwa sababu ya ile mbolea yao, na mgagani ukatoka mnene, laini, mwingi kuliko nilivyowahi kuuona. Bibi aliuona kutoka mlangoni kwake.

Mama alisita. "Mama, walimwaga dawa pale."

"Ile dawa ilikuwa pumba," bibi akasema. "Pumba zimeliwa, na zilizobaki mvua imezichukua. Tazama mvua iliyonyesha."

"Wanyama bado hawajaruhusiwa."

"Mimi ni mbuzi?" Akacheka, na mama akacheka pia.

Bibi aliteremka peke yake siku hiyo, kwa kuwa mimi nilikuwa nimebaki na mtoto. Alirudi na kikapu kilichojaa. Mama aliziosha mboga zile, akazipika na kunde, akampakulia bibi kwanza kwenye bakuli lake, kama ilivyo heshima, tena akamchagulia sehemu yenye majani mengi. Sisi tulikula kilichobaki chunguni, ambacho kilikuwa kunde zaidi kuliko mboga. Nakumbuka bibi alivyofumba macho akitafuna.

Tuliugua wote. Mama alitapika, mimi nilitapika, tumbo likakata kama linasokotwa. Lakini bibi alizidiwa. Alilalamika koo linawaka moto na kila maji aliyokunywa yalirudi. Asubuhi wanaume wa jirani walimbeba kwa machela kumpeleka misheni, mama akifuata nyuma na mtoto mgongoni, mwenyewe akiyumba. Bibi hakufika. Alikata roho njiani, mahali penye kivuli walipomshusha wapumzike. Mganga wa misheni alipoelezwa tulichokula, alimwambia mama kwamba huenda ni dawa ya nzige iliyobaki kwenye majani au kwenye udongo uliorukia majani. Alisema "huenda." Hakuwa na njia ya kujua zaidi ya hapo, na alilisema hilo kwa upole.

Lakini neno la mganga lilibaki misheni. Huku nyumbani yalianza maneno mengine.

Baba alikuwa na dada mkubwa aliyeolewa Hasamba, shangazi yangu. Alikuja msibani akilia tangu njiani, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Alimpenda mama yake kuliko kitu chochote. Siku ya tatu, wanawake wakiwa wamekaa, alimgeukia mama akamuuliza mbele ya watu.

"Wifi, mlikula chungu kimoja?"

"Kimoja."

"Na bakuli moja?"

"Mama nilimpakulia lake, kama siku zote."

"Na ninyi mkapona."

Kupona kwetu ndiko kulikoleta yote. Ningekufa mimi, au angekufa mama, watu wangesema sumu ya nzige. Lakini mkamwana amempikia mama mkwe, mama mkwe amekufa, mkamwana anasimama kwa miguu yake, na mume yuko mbali hayupo wa kumtetea. Hakuna aliyetamka wazi. Shangazi aliondoka bila kunywa hata maji ya kwetu.

Baada ya hapo nilianza kuona kitu ambacho sikukielewa mara moja. Palikuwa na kazi ya pamoja ya kupalilia kwa jirani, na kila mwanamke alipeleka chungu cha chakula. Mama alipeleka chungu chake cha maharage, amekifunika kwa jani la mgomba. Jioni nilitumwa kukichukua. Jani lilikuwa vile vile alivyolifunga. Nilikibeba kichwani, kizito, na nilipokiweka jikoni mama alikitazama bila kukifungua. Kisha akasema, "Haya, sisi tutakula kesho pia."

Nilimhitaji bibi wakati ule kwa namna ya kitoto kabisa. Nilitaka arudi aseme tu mwenyewe kwamba si mama. Nilidhani hilo ndilo jambo pekee ambalo mtu aliyekufa angeweza kuruhusiwa kurudi kulifanya.

Mama alikwenda misheni siku ya ibada, na baada ya ibada alikaa na mke wa mwinjilisti, mwanamke mwenye asili ya Rungwe aliyekuwa na bustani nyuma ya nyumba yake. Sikusikia walichozungumza mwanzoni. Nilipofika mama alikuwa anafuta macho, na yule mama alikuwa anafunga mbegu kwenye vipande vya kitambaa.

"Panda karibu na mlango wako," alikuwa anamwambia. "Udongo uujue, maji uyajue, mbolea uijue. Hapo utakula bila hofu."

"Si hofu yangu mimi, mama," mama akajibu. "Ni hofu yao."

Yule mama alikaza fundo la kitambaa cha mwisho. Kisha akasema, "Basi panda mahali watakapoona."

Na hivyo ndivyo alivyofanya. Nyuma ya jiko palikuwa na nafasi nzuri, yenye kivuli, iliyojikinga na upepo. Mama hakupataka. Alichagua upande wa mbele, kando ya njia ambayo watu wote wa mtaa wetu walipita kwenda kuchota maji. Palikuwa pagumu kama sakafu kwa kukanyagwa. Alipalima kwa jembe siku nyingi, mtoto mgongoni, akachanganya majivu na samadi ya mbuzi wetu. Hakujenga uzio wa matete, uliokuwa ukiwekwa kuzuia kuku. Aliweka miiba mifupi tu, ya kufika gotini, ili mtu mzima apitaye aone kila kitu.

Mbegu za kwanza ziliota na kuliwa zote na tunutu wachache waliobaki. Alipanda tena. Safari hii tulikaa bustanini kwa zamu, mimi na yeye, na tawi mkononi, tukiwafukuza na kuwaponda kwa kandambili za ngozi. Jirani mmoja alimshauri aombe unga wa dawa kwa watu wa nzige. Mama alimtazama yule mtu kwa muda mrefu mpaka akaendelea na safari yake. Kwenye bustani ile hakikuingia kitu zaidi ya majivu, pilipili iliyopondwa, maji na mikono yetu.

Ikashika. Palikuwa na kabichi, kitunguu, karoti ambazo hatukujua kama zinaliwa majani au mizizi. Palikuwa na mchaichai pembeni, na mnanaa uliotaka kumeza bustani nzima, na giligilani ambayo mimi sikuipenda na mama aliipenda. Kisha mama alipanda juu mlimani, mbali na palipomwagwa dawa, akarudi na mbegu za mgagani na mnavu, akazimwaga kwenye tuta la mbele kabisa, lililogusa njia. Nilimwuliza kwa nini hilo.

"Ni lake," alisema. Hakusema la nani.

Lakini bondeni sikuruhusiwa tena. Hata baada ya ng'ombe kurudi huko, hata baada ya wasichana wengine kurudi na vikapu vyao, mama alikataa. Nilinyunyizia maji kabichi huku nikisikia wakiitana kule chini, na sauti zikapanda zikarudi, na hakuna aliyeniita mimi. Mboga za bustani zilikuwa nzuri. Zilikuwa safi, hazikuwa na mchanga, hazikuuma tumbo. Ila hazikuwa na ule uchungu mdogo wa mwisho ambao mgagani wa bondeni ulikuwa nao, au labda uchungu ule ulikuwa wa kutembea asubuhi na njaa. Niliwahi kumwambia mama kwamba natamani mboga za bibi. Hakunikaripia. Alisema, "Na mimi."

Watu walianza kusimama kwenye njia. Kwanza walitazama tu. Kisha mwanamke mmoja mwenye mtoto mwenye kikohozi aliomba mchaichai. Mwingine akaomba majani ya kitunguu. Wakati wa kiangazi, mboga zilipokosekana kila mahali, walikuja wengi, na mama alimkatia kila aliyeomba, akang'oa na mizizi ili udongo uonekane. Walishukuru, wakamsifu, wakaenda kupika kwao. Nikaona furaha usoni kwa mama, kisha nikaona ikipungua. Kwa sababu wote walichukua mbichi. Alipomwambia mtu, "Kaa, ziko tayari jikoni," mtu huyo alikuwa amekwisha kula, au ana haraka, au tumbo halimruhusu. Mtaa mzima ulikula kutoka bustani ya mama, na chungu chake kikabaki chetu watatu.

Alianza tabia moja iliyoniumiza. Kila alipompakulia mtu yeyote, hata mpita njia asiyejua habari zetu, alichota kwanza mwenyewe akala mbele yake. Watu wengi wana desturi ya kuonja, si jambo baya. Lakini mama hakuonja. Alitafuna polepole, akameza, akafungua mikono, kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu mkononi.

Baba alirudi siku moja mchana, bila taarifa, na blanketi mbili na mwavuli. Habari za kifo alikuwa amezipata huko migodini kutoka kwa watu wa kwetu waliofika baadaye, na hakuna aliyejua alikuwa ameambiwa nini. Alikwenda kaburini kwanza. Alikaa huko mpaka jua likageuka. Alipokuja nyumbani shangazi alikuwa amekwisha fika kutoka Hasamba, kwa maana habari ya mgeni husafiri upesi, na alikuwa amekuja na chakula kilichopikwa kwake: ugali wa ulezi na kuku, kwenye kikapu kilichofunikwa.

Baba aliketi kwenye kigoda uani. Shangazi akaweka kikapu chake mbele yake. Mama akatoka jikoni na ugali na bakuli la mgagani, akaviweka pia, akapiga magoti. Majirani walikuwepo kumsalimu baba.

"Kaka," shangazi alisema, "umetoka safari. Kula nilichokuletea. Cha hapa utakula siku nyingine."

Mama alinyoosha mkono kuelekea kwenye bakuli lake mwenyewe, ili achote ale kwanza, kama alivyozoea. Baba aliushika ule mkono kwenye kifundo.

"Toka lini?" akamuuliza.

Mama akajaribu kuuvuta mkono wake.

"Nakuuliza, mke wangu. Toka lini unanionjea chakula?"

"Toka mama alipofariki," mama akasema.

Baba aliuachia mkono wake. Akanawa. Akamega ugali wa mama, akachota mgagani, akala, akachota tena, mpaka bakuli likawa jeupe. Ndipo akavuta kikapu cha dada yake akala na kuku pia, akamwambia, "Ahsante, dada. Umepika vizuri." Shangazi alikuwa analia kimya. Hakuwa mtu mbaya. Nimekuwa nikitaka kulisema hilo mahali, na nalisema hapa. Alikuwa ameondokewa na mama yake asubuhi moja bila kuagana naye, na alihitaji kuwe na mtu aliyesababisha hilo, kwa kuwa kumlaumu nzige ni kama kulaumu upepo.

Baba alikaa nasi msimu mmoja. Ndio wakati ambao nautamani kuliko wote. Asubuhi alinifuata bustanini akaniuliza kila mmea jina lake, na nilimfundisha nikijisikia mkubwa.

"Katika hizi zote bibi yako angependa ipi?" aliniuliza.

"Kabichi angesema ni chakula cha ng'ombe."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Angesema hivyo hivyo. Na karoti?"

"Angeuliza kwa nini mzizi una rangi ya kucha za wazee."

Mama alikuwa jikoni na alitusikia. Nilimsikia naye akicheka, kicheko cha zamani, cha wakati wa bibi. Baba alimchimbia mfereji mdogo wa kuleta maji kutoka kwenye kijito cha juu, kwa hiyo hatukubeba tena maji kwa mitungi. Halafu alirudi migodini, akisema mkataba mmoja tu, na ule mmoja ukazaa mwingine. Mama alizoea kupalilia lile tuta la njiani jioni, wakati watu wa safari wanapopita kutoka upande wa mpakani. Mwanzoni nilidhani jioni ndiyo nzuri kwa palizi.

Watu wengine walianza kula kwetu baada ya siku ile ya baba. Mmoja, kisha mwingine. Hakuna aliyetangaza. Chungu cha mama kikaanza kurudi kikiwa chepesi. Lakini shangazi hakula. Alikuja, alisalimu, alimbeba mdogo wangu, aliondoka. Mama hakumlazimisha na hakumsema. Mimi nilikuwa nimekua, matiti yameanza, na nilimchukia kwa niaba ya mama, chuki ambayo mama mwenyewe hakuwa nayo.

Alikuja mchana mmoja wa mvua nyepesi. Mama alikuwa jikoni, mimi nilikuwa nachambua maharage mlangoni. Shangazi alisimama kando ya lile tuta la mbele. Akainama, akakata ncha ya mgagani, akaiweka mdomoni ikiwa mbichi. Alikaa hapo akitafuna na mvua ikimnyeshea. Kisha akaingia jikoni bila kubisha.

"Wifi," akasema, "huu mgagani uliutoa wapi?"

"Kule juu mlimani. Kwenye mawe."

"Mama alikuwa anatupeleka kule tukiwa wadogo. Kabla hajazeeka akahamia bondeni." Akaketi kwenye gogo. "Umepika?"

"Nimepika."

"Nipakulie."

Niliacha kuchambua. Mama alichukua bakuli, akapakua. Akamkabidhi kwa mikono miwili. Shangazi akala kijiko kimoja, akatulia, akala kingine. Mama alisimama palepale.

"Chumvi haitoshi," shangazi akasema.

"Chumvi imeniishia, wifi."

"Mama alipenda yenye chumvi."

"Alipenda, ndiyo. Nilikuwa namwekea pembeni."

Na hapo wakalia, wote wawili, shangazi bado ana bakuli mapajani. Walilia kama watu wa nyumba moja wanavyolia. Nilitoka nje kwa sababu niliona si pangu. Mvua ilikuwa imekatika. Kesho yake mtoto wa shangazi alileta donge la chumvi ya Ivuna lililofungwa kwenye jani, na akasema mama yake anaomba miche ya kitunguu.

Toka siku hiyo walilima pamoja. Bustani ya pili ilianzishwa Hasamba, na shangazi alikuwa mkali kwa mboga zake kuliko mama. Alimfukuza mtu aliyetaka kupitisha mbuzi waliopakwa dawa ya kupe karibu na matuta yake. Alizungumza habari za majani safi na maji safi kwenye mikutano ya kina mama wa kanisa kana kwamba alizaliwa akiyajua. Mama alimsikiliza akitabasamu, akitazama chini.

Baba alirudi akiwa na kifua kibaya, akaishi nasi miaka michache, akazikwa karibu na bibi. Mimi niliolewa Tunduma, kwa watu wa Kinamwanga wanaofanya biashara pande zote mbili za mpaka. Mdogo wangu alipokuwa mtu mzima kahawa ilikuwa imeingia kwa nguvu kwetu Mbozi, na kila kipande cha ardhi kilichofikiwa na maji kilitakiwa kwa mibuni. Mfereji wa baba ulipita pale pale kwenye bustani ya mama, na mdogo wangu akaitaka ardhi ile. Mama mwenyewe ndiye aliyemruhusu, si kwamba alinyang'anywa. Alibakiza matuta mawili, halafu moja, halafu magoti yakakataa kuinama.

Tunduma nilipopata kiwanja cha kwanza, kabla hata nyumba haijaezekwa, nilipanda. Mume wangu alishangaa, kwa kuwa sokoni mboga zilikuwepo, zinaletwa na wanawake kutoka ng'ambo wakiwa na mafungu yao. Nilikuwa nikiwauliza zimelimwa wapi, kwa maji gani, na walinicheka, wakiniita mama kwa lugha yao: "Bamayo, mboga ni mboga!" Nilicheka nao. Sikuwa na njia ya kuwaeleza pale sokoni, kwa lugha mbili tulizochanganya, habari za bakuli la bibi.

Mama hakuwahi kufika kwangu. Aliahidi kuja baada ya mavuno, kisha baada ya mvua, kisha mjukuu akikua kidogo. Kila mara nilimwandalia mahali pa kulala. Ningependa angekuja hata mara moja, wakati wowote, akae jikoni kwangu pasipo kufanya kazi, nami nimpakulie mboga nilizopanda mwenyewe, ale mpaka amalize, na aniambie kilichopungua.